Mstari wa Tisa

Deo alinipigia simu Jumatano moja, saa nne asubuhi, nikiwa nimemsimamia fundi anayeweka marumaru kwenye kibaraza changu cha Buswelu. Akaniambia Nyamisi amezikwa jana, huko Ukerewe. Hakusema amefariki, alisema amezikwa, yaani hata nafasi ya kwenda kurusha udongo sikupewa. Nilimwambia fundi aendelee, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha ofisi yangu na kutazama ukuta. Ukuta ule una stashahada yangu ya uchapaji, ndani ya fremu, na msomaji aniwie radhi nikiitaja mapema, kwa sababu sikupewa na mtu. Niliondoka Mwanza na begi moja lenye zipu mbovu, nikafagia sakafu za viwanda vya uchapaji Durban, nikasoma jioni baada ya kufagia, na niliporudi baada ya miaka kumi na tisa nilirudi na mashine yangu mwenyewe. Watu wa huku wakielekezana njia husema "pale kwa Mchapaji". Vitabu vya wenzangu vinapopita mikononi mwangu hutoka bila herufi iliyokaa vibaya, na mteja akibisha humwekea rula juu ya mstari tukasoma pamoja mpaka anyamaze. Lakini kuna ukurasa mmoja niliupiga taipu nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mbele ya huo stashahada yangu hainisaidii kitu.

Mwaka ule nilikuwa mpiga taipu katika duka la steshenari Mabatini, na Deo alikuwa mwalimu wa muda wa shule moja ya sekondari. Chumba chake kilikuwa juu mlimani, nyuma ya jiwe kubwa kama lori, na ili uingie ilibidi upite kwenye uwazi kati ya jiwe na ukuta kwa ubavu. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, meza ya mbao za makasha, na mwanya chini ya dari ambao kupitia kwake tulimsikia jirani, Mama Suzi, akipika, akisali na kutusengenya. Kila Jumamosi mchana tulikutana hapo, watu watatu: Deo, mimi na Nyamisi. Deo alikuwa ameokota kitabu cha Kiingereza kwa wauza vitabu waliotandaza chini, kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, hata hatukujua kilichomo ni cha nani. Zilikuwa soneti za kale. Deo alitufundisha kwamba soneti ni shairi la mistari kumi na minne, si zaidi wala pungufu, na kwamba mistari minane ya kwanza huenda upande mmoja, kisha mstari wa tisa shairi hugeuka. Sisi tukauita mgeuko huo kona. Kazi yetu ilikuwa kuzichukua soneti zile moja moja na kuziandika upya kwa Kiswahili cha hapa kwetu, tukilenga kijitabu cha kurasa thelathini ambacho mimi ningekipiga taipu na Deo akishone kwa uzi.

Tulikula michembe, yaani viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa, na siku nzuri tulikula mapanki ya sangara, yale ya mifupa yenye nyama kidogo ambayo viwanda viliyatoa na mama zetu wa mtaani wakayakaanga mpaka yakawa na harufu ya kumtoa mtu dini. Tulisoma kwa sauti huku tukinyonya mifupa. Katika kitabu mwanamume analalamikia baridi iliyoua maua, Deo akaweka jua la Januari juu ya mabati ya mtaa wetu. Mahali palipokuwa na bibi wa kizungu mwenye mikono ya theluji, mimi nikamweka mwanamke anayeponda kokoto kandokando ya barabara, mikono myeupe kwa vumbi la jiwe. Ilikuwa soneti bora kuliko zote tulizoandika mwaka ule, na nasema hivyo leo nikiwa nimesoma nyingi zaidi.

"Masalu," Deo aliniambia siku niliyoisoma, "mimi ndiye Mhaya humu ndani, lakini majivuno umechukua wewe."

"Ulichelewa kuyachukua," nikamjibu. "Nilikuta yamekaa tu mezani."

Upande wa pili Mama Suzi akapaza sauti: "Jamani, hivi mnaabudu nini humo kila Jumamosi? Mnasoma mnanyamaza, mnasoma mnanyamaza! Mapepo yenu yakitoka yasije kwangu, nina mtoto mdogo."

Nyamisi alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa Mjita kutoka upande wa Musoma, akiishi Kirumba kwa shangazi yake aliyefanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni. Asubuhi alianika na kugeuza dagaa, mchana alikuja kwetu na vipande vidogo vya magamba ya fedha vikiwa vimemganda kwenye viwiko. Alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, masomo yangeanza Julai. Barua ya chuo aliisoma mara nyingi kiasi kwamba mikunjo yake ilianza kutoboka. Alikuwa na akili kutuzidi wote wawili. Hili nilikuwa nalijua hata mwaka ule, ila nilikuwa na njia yangu ya kutolijua.

Tofauti yetu ilikuwa kwenye ulimi. Mimi ni Msukuma, na nyumbani kwetu herufi "r" ilikuwa mgeni. Niliipata shuleni, nikaifanyia mazoezi peke yangu porini nikichunga, nikisema "barabara, rafiki, karatasi" mpaka mbuzi wananitazama. Nilipoipata sikuiachia tena. Nyamisi yeye hakujali. Kinywani mwake "l" na "r" zilibadilishana viti zinavyotaka, na akiandika, mkono ulifuata mdomo. "Kulala" angeandika "kurara", "kura" ikawa "kula", na mimi nilikuwa namsahihisha kila ukurasa kwa kalamu nyekundu ya dukani huku nikitikisa kichwa kama mkaguzi wa shule.

"Wewe ndiye mwenye herufi," alikuwa ananiambia. "Mimi nina maneno. Tugawane kazi."

Mwezi wa Aprili alikataa kona. Nakumbuka tulikuwa tunasoma soneti moja ya kile kitabu ambamo msichana anamkataa mchumba kwa mistari minane, kisha kwenye wa tisa anaanza kulegea, na kufikia wa kumi na nne amekubali. Nyamisi aliweka mfupa wa sangara juu ya sahani. "Kwa nini lazima alegee?" Deo akasema ndiyo sheria ya soneti. "Sheria ya nani?" Deo akasema ya wenyewe waliozianzisha. "Basi wenyewe wabaki nayo. Huyu aliyekataa, amekataa. Mimi yangu itanyooka kama barabara ya Shinyanga, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho." Mimi nikamwambia bila kona si soneti, ni malalamiko yaliyopangwa mistari. Alinitazama, akachukua mfupa wake, akaendelea kula.

Wiki mbili baadaye tulijua alikuwa anazungumza nini. Familia moja ya Ukerewe ilikuwa imepeleka posa kwa baba yake, na baba huyo, Mzee Magesa, mzee wa kanisa, alikuwa anakuja Mwanza kukutana na washenga nyumbani kwa shangazi. Nyamisi hakuwa na namna ya kusimama mbele ya wazee na kubishana. Lakini alimjua baba yake. Mzee Magesa aliamini maandishi. Barua zote alizowahi kupata alizitunza ndani ya Biblia, na alikuwa na msemo wake kwamba mdomo hupita na karatasi hukaa. Kwa hiyo Nyamisi akamwandikia baba yake soneti. Alituletea Jumamosi, kwa penseli, akaisoma. Mistari ya mwanzo ninayo kichwani mpaka leo:

Baba, uliponipa jina la mama,
hapakuwa na mgeni mlangoni;
sasa viatu tele, ninatazama,
na jina langu halimo mdomoni.

Upande wa pili Mama Suzi aliacha kukoroga sufuria yake. Nyamisi akaendelea mpaka mwisho, kwenye mistari miwili ya kufungia, na katika sauti yake mistari hiyo yote miwili iliishia kwa neno lile lile. Kisha akanipa karatasi.

"Ipige taipu vizuri, kwa karatasi nzuri. Baba akiona taipu ataona ni jambo la kweli. Rekebisha herufi tu, Masalu. Mengine acha."

"Unaniambia mimi kazi yangu?"

"Nakuambia uache mengine."

Niliipiga Jumatatu, duka likiwa halina wateja. Nitaeleza nilichofanya kwa utaratibu, maana nimekaa nalo muda mrefu. Mistari miwili ya mwisho, kwa mkono wake, ilisomeka hivi: "Sitaki, baba, nitorewe mahali, ninataka kwanza nipate mahari." Alichokusudia kilikuwa kinyume chake: sitaki nitolewe mahari, nataka kwanza nipate mahali, yaani pa kusimama, pa kuwa mtu. Herufi zilikuwa zimebadilishana viti kama kawaida yake. Mtoto wa darasa la nne angeliona. Mimi nilirekebisha "nitorewe" ikawa "nitolewe", nikajipongeza, nikafika kwenye yale maneno mawili, nikasimama. Na hapo ndipo usomi wangu uliponipoteza. Nilijiambia: kumbe Nyamisi amekubali kona! Mistari minane anakataa, halafu mwishoni anasema hataki kuondolewa hivihivi tu, anataka mahari kwanza, kama binti mwenye heshima zake. Niliona amenielewa, kwamba maneno yangu ya Aprili yamemwingia. Nikayaacha yale mawili yalivyo. Ila mistari ya tisa mpaka ya kumi na mbili haikukubaliana na mwisho huo. Ilikuwa bado inakataa, ilikuwa inanyooka. Nikaona hapo amekosa ufundi, nikamsaidia. Niliifuta ile mistari minne nikaweka yangu, na msomaji asinicheke nikisema niliipenda:

Lakini moyo mwishowe hulegea
kama tanga lililokosa upepo...

na mingine miwili ya namna hiyo. Karatasi yake ya penseli niliitumia jioni ile kuwashia jiko la Deo. Rasimu ni rasimu, ndivyo nilivyokuwa nasema. Nakala safi ikishatoka, rasimu haina kazi.

Jumatano Mzee Magesa alifika, siku mbili kabla ya ilivyotarajiwa. Nilimkuta kwa shangazi nilipopeleka bahasha, Nyamisi akiwa bado Mwaloni anageuza dagaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni nani. Ningeweza kusema nitarudi baadaye. Nikasema mimi ndiye mpiga taipu wa binti yako, nikampa bahasha mkononi, nikasimama pale nikisubiri aone jinsi pambizo zilivyolingana. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Alipomaliza alivua miwani akaipangusa. "Kijana, kazi safi," alisema. "Jumapili uje ule na sisi."

Nilikwenda. Deo naye nilimchukua, kwa sababu nilitaka awepo mtu wa kushuhudia. Sebule ya shangazi ilikuwa ndogo, viti vimeazimwa kwa majirani, viatu vimejaa mlangoni kama alivyoandika. Washenga walikuwa watatu, watu wazima wenye makoti. Tulikula ugali wa udaga wa muhogo na sato wa kuchemsha, na mazungumzo yalikuwa juu ya bei ya nyavu na kwamba sangara wamepungua. Baada ya kunawa, Mzee Magesa akatoa Biblia, akatoa karatasi, akasema: "Ndugu zangu, siku hizi watu wanalalamika mabinti hawasikilizwi. Mimi wa kwangu ameniandikia. Sikilizeni." Akasoma. Nyamisi alikuwa anaingia na sinia la chai. Mistari minane ya kwanza alisimama wima, macho chini, na niliona bega lake limetulia. Kisha baba yake akasoma "Lakini moyo mwishowe hulegea", naye Nyamisi akainua macho. Aliniangalia mimi, moja kwa moja, katika sebule iliyojaa wazee. Sijawahi kuangaliwa vile tena.

Mzee alimaliza. Washenga wakapiga makofi ya polepole, yale ya kikubwa. Mmoja akasema, "Binti ana busara. Anajua taratibu zake."

"Baba," Nyamisi akasema, "sivyo nilivyosema. Sitaki mahari. Nataka mahali."

Wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya, walicheka kwa furaha, kwa sababu masikioni mwao alikuwa amesema hataki mahari, anataka mahari. Shangazi akasema, "Aibu inamsumbua, mwacheni. Hata mimi siku yangu nilisema hapana na ndiyo kwa pumzi moja."

"Nataka chuo, baba."

Hapo Mzee Magesa hakucheka. Alitazama karatasi, akaipitisha kidole kuanzia juu hadi chini, mstari kwa mstari, kwa haki kabisa. "Chuo hakimo humu, mwanangu. Ungekuwa unakitaka ungekiandika. Umeandika mambo yako yote, chuo hukukiandika."

Chuo kilikuwepo. Kilikuwa kwenye ile mistari minne. Nikasimama. Sikuwahi kuwa mwoga wa kusema mbele za watu, na nilijua herufi zangu kuliko yeyote mle ndani. Nikasema: "Mzee, samahani, kosa ni langu. Binti hakuandika mahari, aliandika mahali. Na pale penye mahali ndipo penye mahari."

Mzee alinisubiri kama mtu anayesubiri sentensi iishe. "Ndiyo," akasema. "Mahari. Ndivyo ilivyo hapa."

"Hapana, mzee. Si mahari. Mahali!"

"Ndiyo nasema. Mahari."

Washenga wakacheka tena, safari hii mmoja mpaka akakohoa. Mimi mpaka leo naapa nilizitamka zote mbili sawasawa, "l" yake na "r" yake. Deo alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwangu, na wakati tunapanda mlima kurudi Mabatini aliniambia kwa upole, "Masalu, ulisema mahali mara zote." Sikubishana naye. Nilikuwa nimeanza kuogopa, na mtu akiogopa ulimi hurudi kwao.

"Mzee, nipe kalamu," nilisema pale sebuleni. "Niandike uone."

Mzee Magesa aliikunja karatasi, akairudisha ndani ya Biblia. "Kijana wangu," akasema bila hasira, "umeshaandika."

Deo alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anajua mistari ilibadilishwa, kwa sababu aliisikia Jumamosi, na baadaye aliniambia alikuwa ananisubiri mimi nikiri lile la pili, kwamba sikukosea herufi tu, niliweka maneno yangu. Sikukiri. Kosa la herufi niliweza kulikubali mbele ya makoti matatu. Lile lingine lilikataa kutoka. Nyamisi aliweka sinia chini, akamimina chai, akaanza na wageni, akamaliza na mimi. Kikombe changu alikijaza kama cha wengine. Ndoa ilifungwa kabla ya Julai. Mimi na Deo hatukukishona kile kijitabu, na mwisho wa mwaka nilipanda basi la kuelekea kusini na begi langu. Watu husema niliondoka kutafuta maisha. Ni kweli pia.

Wiki iliyopita binti wa Nyamisi alikuja hapa Buswelu. Ni mwanamke wa makamo, mfupi kuliko mama yake, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuulizia mambo hospitalini na ofisini. Aliniamkia, akakaa, akatazama ukuta wangu kwa adabu. Akasema mama yao hakuacha vitu vingi, ila aliwahi kuwaambia kwamba akiwa msichana aliandika soneti, ilikuwa nzuri, na mtu anayeitwa Masalu wa Mabatini ndiye anayo. Hakuwaambia zaidi ya hapo. Wanataka iandikwe kwenye jiwe la kaburi, na wamesikia mimi ni mchapaji.

Nilikuwa nimeshaipiga. Tangu simu ya Deo nilikuwa nimejaribu kila asubuhi, kwenye kompyuta, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizo nazo. Mistari minane ya kwanza imekuja yote, hata mkato haujapotea. Miwili ya mwisho nimeinyoosha, kila neno kwenye kiti chake. Kati yake kuna uwazi wa mistari minne. Nakumbuka kulikuwa na chaki, na dirisha, na nadhani neno "watoto". Nimemuuliza Deo, naye anakumbuka chaki tu. Kila nikilazimisha, mstari unaokuja ni wangu, wa tanga na upepo. Ule unakuja wenyewe, kwa ukamilifu, hata nikiwa naoga.

Binti alipokea karatasi akaisoma mpaka chini, kisha akarudi juu akahesabu kwa kidole, kama babu yake. "Mjomba, mama alisema ni mistari kumi na minne."

"Ndiyo."

"Hii ni kumi."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo mingine ya mama iko wapi?"

Nimejibu maswali ya wateja katika nchi mbili na lugha tatu. Nilimuuliza kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi.